Gari ya Kuteremuka Tu

Masika,

Mama yako anafikiri niko naandika majina ya watu wetu wa Butembo, ili usipotee ukifika kule. Mwache afikiri hivyo. Habari za kuchemusha maji, za kufunga pesa ndani ya kitambaa, za kutowajibu wanajeshi zaidi ya walivyokuuliza, amekwisha kukupa zote, na nyingine amekupa mara mbili. Mimi sina la kuongeza. Unajua kufua kuliko mimi, unajua kuhesabu kuliko mimi, na Kifaransa chako kinanifanya nitafute kazi ya inje kila wageni wakija. Mimi niliacha secondaire mwaka wa pili. Haikuwa shida ya akili, akili ilikuwa inamwagika. Ni kwamba malori yalikuwa yanapita mbele ya shule kila asubuhi, na mwalimu hakuwa na honi.

Nataka kusema juu ya jana.

Watu walikuja kukuaga, wakala, wakanywa, kisha mujomba wako akapiga meza akasema, Kambale, tupe ile ya gari. Nami nikasimama haraka kama mbwa aliyesikia jina lake. Unaijua hadithi kuliko mimi. Namna bomu zilivyokuwa zinalia kule Kibumba, namna nilivyomukalisha mama yako kwenye kiti cha gari yangu nyekundu ya sport, tukateremuka toka Kanyaruchinya, mukono mumoja kwenye usukani na mwingine ndani ya mukono wake, na wewe ukazaliwa mulangoni pa maternite hata moteri haijapoa. Nilifanya na sauti ya moteri kwa mudomo. Watu walicheka mpaka machozi.

Halafu wewe ukaweka mukono begani kwangu, ukawaambia: «Ni sababu ya ile siku njo naenda Butembo kusoma uzalishaji wa wamama. Hata masista wa ile shule niliwaambia vile.»

Wakapiga makofi. Mama yako akasimama akaanza kukusanya sahani, na sahani zilikuwa bado na chakula.

Masika, hukuzaliwa vile.

Nianze na gari, kwa sababu hapo angalau najua kusema, hata kama ni ujuzi wa mupumbavu. Nilikuwa kijana wa lori. Usisikie watu wanaosema nilikuwa shofere, ni mimi niliyewaambia. Nilikuwa yule wa nyuma, anayelala juu ya magunia ya maharagwe toka Butembo hadi Goma, na lori likisimama kwenye mulima anaruka chini na jiwe mukononi, analisukuma nyuma ya pine ya gurudumu ili muzigo wote usirudi bondeni. Kazi hiyo niliijua. Kwenye ngazi zote za mulima wa Kanyabayonga walikuwa wananiita Jiwe, na hakuna lori hata moja lililorudi nyuma mimi nikiwapo. Hilo jivuno nikubalie, ni la kweli.

Mama yako Kahindo alikuwa anauza maharagwe kwenye soko la Birere, chini, juu ya gunia, na mvua ikinyesha anakimbia nayo. Tulikuwa tunaweka pesa pamoja, yake zaidi kuliko yangu, ili tupate kibanda cha mbao chenye kufuli. Na wewe ulikuwa tumboni tayari.

Sasa, juu kidogo ya nyumba yetu, kwenye njia ya Kibati, aliishi Muzee Deo. Zamani alikuwa shofere wa muzungu mwenye mashamba ya kahawa Masisi. Vita ya kwanza ilipofika, muzungu alipanda ndege, akamwachia gari badala ya mushahara. Nilikuwa naiona toka juu ya lori kila tukipita. Ndogo, nyekundu, ya Kiitalia, imelala chini kama mutu anayetambaa, kapo, kile kifuniko cha moteri, ndefu kama pua ya mutu anayejiamini, viti viwili tu, na paa la turubai unalolikunja nyuma. Ilikuwa ya zamani kuliko mimi. Nilikuwa nimekwisha kuona gari nyingi, lakini zile zote zilikuwa zinabeba kitu. Hii haikuwa inabeba kitu. Ilikuwa inabeba mutu mwenyewe tu, ili aonekane. Nilisikia Muzee anataka kuiuza, na usingizi ukanitoka.

Nilienda kuinunua peke yangu, na pesa za kibanda. Hapo kosa lilikuwa limekwisha kuanza. Mutu akienda kununua kitu cha zamani, aende na mutu asiyekipenda. Rafiki yangu wa garaji alitaka kunisindikiza, nikamukatalia, kwa sababu alikuwa amesema gari za namna ile zilitengenezwa kwa barabara za lami, na sisi hapa tunaishi juu ya mawe ya volkano. Sikutaka mutu wa kuniharibia furaha.

Nikaikuta imeoshwa, inangaa, imegeuza uso kuelekea muji, na jiwe mbele ya pine. Nikaweka mukono juu ya kapo kama nilivyoona mafundi wakifanya. Ilikuwa moto. Nikasema moyoni, ni jua. Masika, siku ile kulikuwa na mawingu mpaka kwenye magoti ya mulima. Muzee alikuwa ameipasha moto kabla sijafika, pengine toka asubuhi, pengine kwa kusukumwa na watoto wake wote. Nikafungua mulango, nikashika viti, nikanusa ngozi. Chini ya gari sikuangalia. Nani anaangalia chini ya kitu anachokipenda?

Muzee akasema, toa jiwe.

Na mimi, Jiwe mwenyewe, nikainama nikalitoa, kwa furaha. Miaka yote ile ya kuweka mawe! Mutu yeyote wa lori angejua: gari inayolala uso bondeni na jiwe mbele ya pine ni gari isiyowaka kwa ufunguo, na freni zake za kuisimamisha ni za kuombea. Kama lingekuwa lori ningelikataa macho yangu yakiwa yamefungwa. Lakini lori haliwi jekundu vile.

Tukateremuka. Moteri ikashika, ikalia kama kitu kinachopasua kitambaa kipya, na watu wa Kanyaruchinya wote wakageuka. Upepo ulikuwa unanipiga meno kwa sababu sikuweza kufunga mudomo. Tulipofika Munigi nikataka kugeuza nijaribu mulima, Muzee akanishika mukono akasema tusiichoshe, kuna rafiki yake hapo hapo mwenye kalamu na karatasi. Tulipomaliza kuandika akanipa ufunguo akasema: «Kambale, hii ni gari ya kuteremuka.»

Nikafikiri ni mashairi ya wazee. Masika, yule muzee hakunidanganya hata neno moja. Alisema kweli yote, mimi njo niliisikia kama sifa.

Kuirudisha nyumbani, vijana waliokuwa wanacheza mupira waliisukuma mpaka juu, na mimi nikiwa ndani nimeshika usukani, nawasalimia watu.

Mama yako alirudi toka soko, akaikuta kwenye kiwanja. Akaizunguka polepole, tumbo lake mbele. Aliuliza kitu kimoja, na kibanda je? Nikawa tayari na maelezo. Nilimwambia Goma ni muji wa harusi, kila jumamosi magari yanapiga honi mpaka masikio yanauma, na hakuna bibi-arusi aliyewahi kubebwa na gari kama hii. Tutaikodisha. Vibanda vitatu tutanunua, si kimoja. Bibi-arusi atakaa hapa, nikafungua mulango kumuonyesha, na mimi nitaendesha. Akaangalia vile viti viwili, akauliza: «Na bwana-arusi?»

Nikasema atafuata na wageni. Akacheka, alicheka mpaka akashika kapo kwa mikono miwili. Nikachukua kile kicheko kama saini.

Harusi tuliipata moja, kule Keshero, ambako njia ni sawa, hakuna mulima wala bonde. Gauni lilijaza gari mpaka mimi nikawa naendesha nikitazama kupitia shela. Tulipotoka kanisani ikakataa kuwaka. Bwana-arusi ndiye aliyesukuma, na suti yake nyeupe, wageni wakiimba nyuma yake, bibi-arusi akinuka esansi ya moteri. Habari ilifika Birere mbele yetu. Baada ya hapo hakuna bibi-arusi aliyeniita tena. Watu wakaanza kuniita Kambale Sport, na mimi, badala ya kuona haya, nikajibu.

Hapa naruka kidogo nikuambie neno juu ya vijana wa Butembo, kwa sababu mimi ni papa wako na nina haki. Kijana akikujia mara ya kwanza anangaa, maneno yake tayari ya moto, umuulize yuko namna gani asubuhi akiwa wa baridi. Umuone akipanda mulima. Wote tunateremuka vizuri. Basi, nimemaliza juu ya vijana, usinichekee.

Sasa nafika mahali ambapo sitaki kufika.

Siku zako zilikuwa zimekaribia. Wanawake wa kule juu wenye ndugu katika muji wanateremuka mapema, wanangojea karibu na maternite, kwa sababu usiku hakuna wa kukubeba, na siku zile vita ilikuwa inasikika kule Rutshuru kama mutu anayehamisha meza kwenye nyumba ya jirani. Mama mukubwa wako wa Keshero alikuwa amekwisha kutayarisha kitanda. Koko wako, mama yangu, ndiye aliyepanga: nguo za mutoto, sabuni, wembe mupya, vitenge viwili, vyote ndani ya beseni la bluu. Walikuwa waondoke kesho yake asubuhi kwa miguu, polepole, wakipumzika njiani.

Niliporudi nikaona beseni mulangoni. Nikauliza ni nini. Koko akaniambia. Na mimi, Masika, nikasikia kama nimetukanwa mbele ya kijiji. Nikasema watu watasema nini, Kambale ana gari ya sport inalala kwenye kiwanja, na muke wake anateremuka kwa miguu na beseni kichwani kungojea kwa shemeji. Hapana. Siku ile ile uchungu ukianza, nitatoa jiwe, na tutafika kabla hajamaliza kusema «aii». Koko akaniangalia. Mama yako akaniangalia zaidi. Alijua ile gari, alikuwa ameona suti ya bwana-arusi. Lakini nilikuwa nimesema kwa sauti, jirani walikuwa wanasikia, na yeye hakutaka kunivunja mbele yao. Akachukua beseni akalirudisha chini ya kitanda.

Angalia vizuri hapo, mutoto wangu. Watu wakisimulia siku zile wanasema vita ilifanya hivi, vita ilifanya vile, na ni kweli, vita ilifanya mengi. Bomu halikuwa langu. Lile beseni kurudi chini ya kitanda lilikuwa langu.

Vita ikashuka haraka kuliko mutu yeyote alivyofikiri. Asubuhi moja tuliamka na njia imejaa watu toka Kibumba: magodoro, mbuzi, ngombe, wazee juu ya migongo, watoto wameshika nguo za watu ambao si mama zao. Na uchungu wa mama yako ulikuwa umeanza kabla ya jua.

Nilimukalisha kwenye kiti. Hiyo sehemu ya hadithi ni ya kweli. Nikatoa jiwe. Gari ikateremuka toka kiwanja mpaka barabarani, na pale ndipo nikaelewa kitu ambacho mutoto angekielewa: gari inayohitaji bonde inahitaji bonde tupu. Barabara ilikuwa watu, bega kwa bega. Haiwezekani kuteremuka ndani ya watu. Nikashika freni, ikashika nusu. Mbele yangu bibi mumoja na mbuzi wake, nikageuza usukani kando, gari ikatoka njiani ikapanda mawe ya lava, ikalalia tumbo. Nikasikia chuma kinapasuka chini yangu. Mafuta yakatoka, meusi, yakaingia kwenye mawe kama maji.

Mama yako alifungua mulango mwenyewe. Alitoka mwenyewe, ameushika mulango kwa mikono miwili, anapumua. Mimi nilikuwa tayari chini ya gari.

Koko akatufikia na beseni kichwani na mukeka. Mama yako akaniambia, nasikia sauti yake hata sasa, haikuwa ya hasira: «Twende, Kambale. Gari inaweza kubaki peke yake.»

Nami nikajibu toka chini: «Tangulieni. Naweka jiwe moja tu hapa, inanyanyuka. Nawakuta Munigi.»

Kulikuwa na mutu anapita na chukudu, ule mutambo wetu wa mbao wa magurudumu mawili, amefunga juu yake magunia ya viazi mpaka kifuani kwake. Alikuwa mukimbizi kama wengine, toka kule juu. Shamba lake lote ndilo lile lililokuwa juu ya zile mbao. Akasimama, akamuangalia mama yako aliyeinama kwenye mulango, akaniangalia miguu inayotoka chini ya gari. Akafungua kamba, magunia yakaanguka moja moja kando ya gari, akachukua mukeka wa Koko akaukunja juu ya mbao, wakamukalisha mama yako pale. Nikatoka chini, mikono yangu myeusi. Akasema, na hakuwa ananitukana, alisema kama mutu anayegawa kazi: «Wewe njo unabaki, unichungie viazi.»

Wakaenda. Koko alishika mugongo wa mama yako, yule mutu alishika pembe za chukudu na kuvuta nyuma isikimbie. Nilitazama mpaka beseni la bluu likapotea kati ya magodoro. Mama yako hakugeuka. Angegeuka ningekimbia, nimejiambia hivyo miaka yote, lakini hilo pia ni kumutupia yeye.

Sitakuambia niliogopa. Kuogopa kungekuwa afadhali, mutu mwoga anakimbia pamoja na wengine. Mimi nilibaki kwa sababu ya jina. Niliona moyoni watu wakiifungua gari vipande vipande, niliona namna watanicheka Birere, Kambale Sport ameacha sport kwenye mawe. Nikapanda nikakaa kwenye kiti changu, kati ya magunia ya mutu na kiti kitupu cha muke wangu, na watu waliopita wakanisalimia, nikajibu. Muchana kutwa. Kila mara nilisema sasa naenda. Kisha nilisema, nani atachunga viazi?

Jioni wanajeshi waliokuwa wanakimbia wakafika. Viazi wakavichoma pale pale. Kisha wakaanza na gari: pine, batri, viti. Walikuwa wanafungua vibaya, wanaharibu, na giza lilikuwa linaingia. Wakanipa taa nishike. Masika, niliishika taa. Niliwaonyesha hata skurubu ya wapi ianze. Walipomaliza nikawabembeleza wanipe kitu kimoja, na kwa ustadi wangu wa maneno wakanipa usukani. Ni ule unaoning'inia ndani ya saloni ya nyumba yetu, ambao ulikuwa unazungusha ukiwa mudogo, ukisema vuum.

Wewe ulikuwa umekwisha kuzaliwa. Ni ndani ya darasa la shule ya Munigi, chini, kati ya madawati yaliyosukumwa ukutani, na familia nyingine zikiwa zimegeuza uso. Koko alipiga magoti, akakupokea, akakata kitovu kwa wembe wake mupya. Wewe ulilia vizuri. Ila damu ya mama yako haikusimama. Yule mutu wa chukudu alikuwa amekaa inje anangojea, hakuna aliyemwambia angojee. Akamubeba tena, toka Munigi mpaka maternite ya Keshero, na barabara ile unaijua. Walipofika, muganga alisema mutoto muzima, mama atapona, lakini ili apone lazima watoe kizazi. Akauliza bwana yuko wapi. Koko akasema yuko njiani.

Nilifika kesho yake. Niliingia maternite na usukani mikononi. Koko akanyoosha mikono anipe wewe, nami sikuwa na mikono. Ilibidi kwanza niweke usukani chini, kwenye sima ya sakafu, nao ukalia kwa kugonga, wanawake wote wakageuka. Ndivyo nilivyokushika mara ya kwanza. Koko alikufa bila kunitajia siku ile.

Hadithi ilianza na mugonjwa wa kitanda cha pili. Aliona usukani, akauliza kwa kicheko kama nimemuleta muke wangu kwa usukani bila gari. Nikajibu muzaha, wakacheka. Siku zile watu walikuwa na njaa ya kucheka. Kesho yake nikaongeza kidogo. Ulipofika umri wa kuomba hadithi, gari ilikuwa imekwisha kufika Keshero peke yake.

Na kwetu Wanande majina yanangojea watoto, hiyo unaijua. Wewe ni Masika kwa sababu ni musichana wa kwanza. Kavira, jina la musichana wa pili, alikuwa akae nyuma yako. Ulipokuwa mudogo uliona kila Masika wa mutaa ana Kavira wake, ukaniuliza wa kwetu yuko wapi. Nikakuambia amechelewa njiani, amesimama kununua mandazi. Ulicheka sana, ukamwekea kipande cha mukate. Mama yako alikuwa pale pale anakunja nguo.

Nakuambia leo, si mwaka kesho, kwa sababu ya huko unakoenda. Nilisomasoma kile kitabu chako kipya, mule nilipoweza. Siku moja mwalimu atachora ubaoni mwanamuke aliyechelewa kufika. Ataeleza damu, ataeleza kizazi. Wewe una akili ya mama yako. Utaketi pale kwenye benchi na utaona kovu la mama yako, lile ulilodhani ni la operesheni ya tumbo tu, utahesabu, na utauliza: nani alimuchelewesha? Sitaki ujibu swali hilo peke yako kati ya wageni. Ni mimi.

Na masista uliwaambia umechagua kazi hii sababu ya papa na gari. Sitaki uende na sababu ya uongo wakati ya kweli ipo. Kuna mwanamuke aliyepiga magoti darasani, hakusoma hata darasa moja, na mikono yake ndiyo iliyokupokea. Nenda kwa ajili ya yule.

Yule mutu wa viazi sikumuuliza jina. Baadaye njia ilipofunguka nilipita Kibumba mara nyingi na lori, na sikushuka kumutafuta. Niliogopa kumupata. Angeuliza juu ya mutoto, na kisha juu ya viazi. Ukianza kazi, atakuja mwanamuke amebebwa mugongoni, au juu ya mbao, na mutu asiye ndugu yake. Mutu huyo ataondoka kimya kimya. Umukimbilie, umuulize jina. Ulishike kwa niaba yangu.

Jana wageni walipokwisha kwenda, nilimuuliza mama yako kwa nini hakuwahi kunikatiza, miaka yote, hata mara moja. Alikuwa anasugua sufuria. Hakuinua kichwa.

«Nilikuwa nakungoja,» akasema. «Toka Munigi.»

Sijui kuandika kitu baada ya hapo. Nimetoka inje, nimerudi, kalamu bado haijui.

Safari ya kesho ni mbali. Njia yetu ya Rutshuru haipitiki, mutapitia ngambo, Uganda, mpaka muingie tena Kasindi, na mama yako atakusindikiza mpaka huko. Mimi nilikuwa nimepanga kukubebea valizi mpaka bariere ya mupaka, na kuwachekesha wale wa uhamiaji ili wasikufungulie nguo. Nilikuwa nimefua na shati.

Barua hii nimeiweka ndani ya kiatu chako, ili usome kabla hujakivaa. Valizi iko nyuma ya mulango. Mimi nitakuwa nimekaa inje. Ukitoka umeibeba mwenyewe, nitasogeza miguu upite, na sitasema kitu, hata muzaha. Hutakuwa umenikosea. Ukitoka mikono mitupu, nitaingia niichukue, na nitatembea nyuma yenu wawili, kwa miguu, mpaka pale watakaponizuia.

Papa yako,
Kambale